Kura ya Tano

Simulizi ya kweli ya kuvunjika kwa Yugoslavia

SEHEMU YA KWANZA: Jioni ya Ijumaa

Ijumaa, Aprili 24, 1987. Maelfu ya Waserbia walikuwa wamejazana nje ya jumba la utamaduni la Kosovo Polje, mji mdogo wa kusini mwa Yugoslavia. Ndani ya jumba, wawakilishi wao walikuwa wanamsubiri kiongozi wa chama cha kikomunisti aliyetumwa kutoka mji mkuu, Belgrade, kuja kuwatuliza. Mlangoni walisimama polisi wenye virungu, wengi wao Waalbania, kabila lenye watu wengi kuliko yote katika jimbo la Kosovo.

Watu wakasukumana wakitaka kuingia. Virungu vikashuka migongoni. Mara mawe yakaanza kuruka, na hayakuwa mawe ya kuokotwa njiani. Baadaye waandaaji wenyewe walikiri kwamba lori la mawe lilikuwa limeegeshwa karibu tangu mapema.

Mgeni akatoka nje. Alikuwa Slobodan Milošević, mwenye umri wa miaka 45, aliyewahi kuongoza benki, mtu wa mafaili na vikao ambaye hakuna aliyemjua kwa ufasaha wa jukwaani. Wazee wakamlilia kwamba polisi wanawapiga. Akawaambia kwamba hakuna mwenye ruhusa ya kuwapiga. Umati ukalipuka kwa shangwe. Akarudi ndani, akaketi kusikiliza malalamiko hadi alfajiri.

Televisheni ya Belgrade iliyarusha maneno yale, ikayarudia, na kuyarudia tena. Mtu aliyekuja Kosovo akiwa ofisa wa chama aliondoka akiwa shujaa wa taifa lake. Hapo ndipo hatari ilipoanzia, kwa sababu nchi ile ilikuwa na mataifa mengi, na katiba yake ilikuwa imejengwa mahususi ili shujaa wa taifa moja asiweze kuwatawala wengine.

Tuielewe katiba hiyo, maana mkasa wote umelala humo.

Mei 4, 1980, siku ya Jumapili, timu ya soka ya Hajduk ya Split ilikuwa inacheza nyumbani na Red Star ya Belgrade. Dakika ya 41 mpira ukasimamishwa na ikatangazwa kwamba Rais Josip Broz Tito amefariki dunia. Wachezaji wa timu zote mbili wakaanguka nyasini wakilia, na uwanja mzima ukaimba wimbo wa kumuahidi kwamba hawataiacha njia yake. Huyo ndiye Tito aliyeandaa Belgrade mkutano wa kwanza wa nchi zisizofungamana na upande wowote mwaka 1961, ndiye yule aliyefika Tanzania mwaka 1970. Alikufa na miaka 87, na hakuacha mrithi.

Badala ya mrithi aliacha viti vinane. Katiba ya mwaka 1974 iliikabidhi nchi kwa Urais wa Pamoja: mjumbe mmoja kutoka kila jamhuri, yaani Serbia, Kroatia, Slovenia, Bosnia na Herzegovina, Masedonia na Montenegro, na mmoja kutoka kila jimbo lenye mamlaka yake ndani ya Serbia, yaani Kosovo na Vojvodina. Uenyekiti ulikwenda kwa zamu, mwaka mmoja mmoja. Baraza hilo ndilo lililokuwa Amiri Jeshi Mkuu. Na kwa kuwa viti ni vinane, aliyetaka kuamuru chochote alihitaji kura tano.

Tano. Msomaji aishike namba hiyo.

Tumezoea kuambiwa kwamba Yugoslavia iliuawa na chuki za kale za makabila. Simulizi hii inakataa. Watu milioni 23 waliishi pamoja, wakaoana, wakajenga reli na viwanda, wakapeleka watoto katika shule zilezile. Kweli kulikuwa na umaskini mpya. Deni la nje lilifika dola bilioni 20 hivi, bei zilipanda kila wiki, na vijana walikosa kazi. Watu wenye njaa huuliza nani wa kulaumiwa. Lakini jibu walilopewa lilichaguliwa na viongozi, wakiwa na akili timamu, katika kumbi zenye viyoyozi. Majina ya waliochagua tunayo, na tarehe tunazo.

Wa kwanza kulipa alikuwa Ivan Stambolić, Rais wa Serbia. Yeye ndiye aliyempandisha Milošević ngazi kwa ngazi, kazini na ndani ya chama, kwa miaka mingi. Yeye ndiye aliyemtuma Kosovo Polje. Alipoona mwenzake amerudi na moto mkononi alijaribu kumtahadharisha. Milošević hakubishana naye. Aliitisha kikao.

Septemba 23, 1987, Kamati Kuu ya chama cha Serbia ilikutana mjini Belgrade kwa kikao chake cha nane. Kamera za televisheni zikawashwa ili raia waone. Stambolić aliingia ukumbini akiamini bado ana marafiki wengi mle ndani. Akaangaza macho huku na kule akitafuta uso wa kumpa tumaini. Mjumbe mmoja baada ya mwingine akayakwepa macho yake.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA PILI: Viti Vinahesabiwa

ILIPOISHIA: Stambolić ameingia katika kikao cha nane cha Kamati Kuu na kugundua kwamba wajumbe hawamtazami usoni. SASA ENDELEA...

Kikao kilikesha na kuingia siku ya pili. Wasemaji walipanda mmoja mmoja, na kila mmoja alikuwa na lawama zake dhidi ya kundi la Stambolić. Rafiki yake Dragiša Pavlović, kiongozi wa chama mjini Belgrade, akavuliwa wadhifa mbele ya kamera. Kosa lake lilikuwa kuonya hadharani kwamba ahadi za haraka haraka kuhusu Kosovo zitaleta maafa. Kabla mwaka haujaisha, Stambolić naye alikuwa ameondolewa urais. Milošević akabaki peke yake juu ya Serbia, na hiyo ilimpa kura moja kati ya nane.

Akatazama zilizobaki kama mchezaji bao anavyotazama mashimo ya mwenzake.

Kilichofuata kiliitwa mikutano ya kweli. Mabasi yalibeba watu kutoka mji hadi mji, wafanyakazi wakiruhusiwa kuacha kazi, wakiwa na picha za Milošević na mabango yenye maneno yaleyale. Oktoba 5, 1988, umati ulilizunguka bunge la Vojvodina mjini Novi Sad. Waandamanaji walikuwa wamegawiwa mtindi wa pakiti kwa chakula chao. Wakaitupa mitindi ile kwenye kuta na madirisha ya bunge hadi jengo likachuruzika nyeupe. Kesho yake uongozi wote wa Vojvodina ulijiuzulu na waliokuja baada yao walikuwa watu wa Milošević. Kura mbili.

Januari 1989 ikafika zamu ya Montenegro. Watu waliochoka na njaa na mishahara isiyolipwa walijaa mitaani Titograd, na hasira yao ilikuwa ya haki. Lakini viongozi walipoanguka, vijana waliokalia viti vyao waliielekeza jamhuri ile upande wa Belgrade. Kura tatu.

Ikabaki Kosovo, na Kosovo haikukubali kwa hiari.

Februari 20, 1989, wachimbaji zaidi ya 1,000 wa mgodi wa Trepča, karibu na Mitrovica, waliingia chini ya ardhi kama kawaida yao, lakini zamu ilipokwisha hawakupanda juu. Wakagoma kula, mamia ya mita chini ya ardhi, ndani ya joto na vumbi la risasi na zinki. Walichodai ni kwamba mamlaka ya jimbo lao yasiguswe, na kwamba viongozi watatu waliopachikwa na Belgrade waondoke. Siku zikapita. Wagonjwa walipandishwa juu kwa lifti ya mgodi wakiwa wamefungwa vitambaa machoni, kwa kuwa macho yaliyozoea giza yasingehimili mwanga wa mchana. Baada ya siku nane wakaambiwa kwamba wale watatu wamejiuzulu. Wakatoka wakiamini wameshinda.

Walikuwa wamedanganywa. Kujiuzulu kule kulifutwa, na jeshi na polisi wakatanda mitaani.

Wakati wachimbaji bado wako chini, jambo lingine lilitokea kaskazini kabisa mwa nchi. Februari 27, katika ukumbi wa Cankarjev dom mjini Ljubljana, viongozi wa Slovenia, wakomunisti na wapinzani wao, walipanda jukwaa moja kuwaunga mkono wachimbaji wale. Milan Kučan, kiongozi wa chama cha Slovenia, alisema kwamba wale walioko mgodini ndio wanaoilinda Yugoslavia. Televisheni ya Belgrade ikauonyesha mkutano huo kwa tafsiri ya maandishi chini ya picha. Usiku huohuo wanafunzi na wafanyakazi wa Belgrade wakaanza kumiminika mbele ya bunge. Kesho yake Milošević akawatokea, umati ukimpigia kelele amkamate Azem Vllasi, mwanasiasa Mualbania aliyependwa sana Kosovo. Akawaahidi kwamba waliowachochea watu watakamatwa. Vllasi akatiwa mbaroni.

Machi 23, 1989, bunge la Kosovo liliketi mjini Pristina kupigia kura mabadiliko ya kulinyang'anya mamlaka yake lenyewe. Nje yalisimama magari ya deraya. Ndani, baina ya wabunge, walionekana watu ambao hawakuwa wabunge. Mikono ikanyooshwa na hoja ikapita. Maandamano yaliyofuata yalizimwa kwa risasi na watu zaidi ya 20 wakauawa. Majimbo yote mawili yakabaki na viti vyao katika Urais wa Pamoja, ila sasa wa kukaa humo walichaguliwa na Belgrade.

Kura nne. Nusu ya nchi mkononi mwa mtu mmoja, na kwenye karatasi katiba ilionekana bado nzima.

Ya tano angeitoa wapi? Slovenia, Kroatia, Masedonia na Bosnia hazikuwa zake. Bado kulikuwa na njia ya mkato, nayo ilikuwa chama. Umoja wa Wakomunisti wa Yugoslavia ndio uliokuwa mshipa wa dola, na katika mkutano wake mkuu kila mjumbe alikuwa na kura yake. Ukiteka mkutano, unateka nchi.

Mkutano ukaitwa Januari 20, 1990, katika jumba la Sava Centar, Belgrade. Waslovenia wakafungasha hoja zao na kuelekea huko. Swali lilikuwa moja: wakishindwa, watafanya nini?

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA TATU: Mapumziko ya Dakika 15

ILIPOISHIA: Milošević ana kura nne kati ya nane. Sasa anataka chama chenyewe, na Waslovenia wamefika Belgrade na hoja zao. SASA ENDELEA...

Ulaya yote ya mashariki ilikuwa inatikisika majira yale. Ukuta wa Berlin ulikuwa umefunguliwa miezi miwili iliyopita, na Ceaușescu wa Romania alikuwa amepigwa risasi siku ya Krismasi. Wajumbe zaidi ya 1,600 walioketi Sava Centar walijua kwamba utawala wa chama kimoja umefika mwisho, na wengi wao walikuwa tayari kulikubali hilo. Hawakukubaliana juu ya kitakachoishikilia nchi baada ya hapo.

Waslovenia walitaka chama kigeuke kuwa muungano wa vyama huru vya kila jamhuri. Milošević alitaka chama kimoja chenye amri moja, na wengi waamue. Kila Waslovenia walipowasilisha hoja, iwe ya haki za binadamu au ya muundo wa chama, mikono mingi iliikataa. Kila ilipokataliwa, sehemu kubwa ya ukumbi ilipiga makofi. Makofi yale ndiyo yaliyoumiza kuliko kura zenyewe. Mtu anaweza kuvumilia kushindwa na ndugu zake, lakini kushangiliwa anaposhindwa ni jambo jingine.

Usiku wa Januari 22, Ciril Ribičič alipanda jukwaani kwa niaba ya Slovenia na kutangaza kwamba wanaondoka. Wakainuka, wakapita katikati ya viti wakielekea mlangoni. Baadhi yao walikuwa wanalia, watu waliokitumikia chama hicho maisha yao yote. Kuna waliowapigia makofi ya kuwaaga.

Milošević akasogea upesi. Akapendekeza akidi ihesabiwe upya bila Waslovenia na kazi iendelee. Kwa hesabu zake, bila Slovenia ukumbi ungekuwa mikononi mwake kabisa. Hapo Ivica Račan, kiongozi wa Wakroatia, aliyekuwa mpole tangu mkutano uanze, akasema kwamba chama kisicho na Waslovenia hakiwezi kuwa chama chao. Wakroatia nao wakaanza kukusanya makaratasi.

Mwenyekiti wa kikao, Momir Bulatović wa Montenegro, akatangaza mapumziko ya dakika 15.

Mapumziko hayo hayakuisha. Chama kilichoongoza vita dhidi ya Wanazi na kuitawala nchi kwa miaka 45 hakikukutana tena kikiwa kizima.

Baada ya hapo kila jamhuri ilifanya uchaguzi wake, kwa wakati wake, na vyama vyake. Uchaguzi mmoja wa nchi nzima haukufanyika kamwe. Ante Marković, Waziri Mkuu wa shirikisho, alikuwa ameikata miguu ya mfumuko wa bei Januari hiyohiyo kwa dinari mpya, saba kwa mark moja ya Ujerumani, na raia wengi kutoka kila upande walimpenda. Alichokosa ni sanduku la kura la kuwakusanya hao waliompenda. Aprili na Mei 1990, Slovenia na Kroatia zikachagua viongozi wa kulinda nyumba zao kwanza. Zagreb akaingia Franjo Tuđman, jenerali wa zamani aliyezungumza na Wakroatia kuhusu taifa lao kwa namna ileile Milošević alivyozungumza na Waserbia kuhusu lao.

Hapo hofu ikapata wazazi wawili. Serikali ya Tuđman iliwaondoa Waserbia kazini, hasa katika polisi, na Desemba ikapitisha katiba iliyowashusha kutoka taifa lenye nchi hadi kuwa wachache. Televisheni ya Belgrade ikawakumbusha Waserbia hao, usiku baada ya usiku, jinsi babu zao walivyochinjwa na utawala wa kifashisti wa Ustaša wa Kroatia mwaka 1941. Mauaji hayo yalitokea kweli, na ndiyo maana ukumbusho huo ulikuwa silaha kali. Agosti 1990 Waserbia wa Knin, mji wa Kroatia, walikata magogo na kuziba barabara. Kroatia ikaanza kuingiza bunduki kwa siri kutoka Hungary.

Na Desemba hiyo Serbia ikachota kwa siri, kutoka mfumo wa benki wa shirikisho, fedha mpya zenye thamani ya zaidi ya dola bilioni moja ili kulipa mishahara na pensheni zake. Dinari ya Marković ikavunjika. Mwezi huohuo, zaidi ya asilimia 88 ya wapigakura wote wa Slovenia walisema wanataka kuondoka.

Machi 9, 1991, Belgrade yenyewe ikaasi. Makumi ya maelfu ya Waserbia walijaa Uwanja wa Jamhuri kumpinga Milošević na televisheni yake. Mwanafunzi mmoja na polisi mmoja wakafa. Jioni vifaru vikaingia mitaani. Milošević aliyejenga jina kwa kusema watu wake wasipigwe, alikuwa amewaita wanajeshi dhidi ya watu wake.

Siku tatu baadaye wajumbe wa Urais wa Pamoja waliitwa kikaoni. Walipofika kwenye jengo lao la kawaida wakaambiwa kikao kimehamishwa. Wakapakiwa kwenye basi la jeshi. Basi likapita katikati ya mji na kuingia kambini Topčider. Mlango ukafungwa nyuma yao, na ndani walikuta majenerali, kamera iliyokwisha kuwashwa, na chumba kisicho na moto wa kuotea.

ITAENDELEA WIKI IJAYO

SEHEMU YA NNE: Chumba cha Baridi

ILIPOISHIA: Machi 12, 1991, wajumbe wa Urais wa Pamoja wamepelekwa kwa basi la jeshi hadi kambini, na kamera inawarekodi. SASA ENDELEA...

Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba wajumbe walibaki na makoti yao mwilini. Kiti cha mwenyekiti kilikaliwa na Borisav Jović, mtu wa karibu wa Milošević. Kiti cha Slovenia kilikuwa kitupu, kwa kuwa Janez Drnovšek hakuja siku hiyo. Pembeni alikaa Stipe Mesić wa Kroatia, kisha Vasil Tupurkovski wa Masedonia.

Waziri wa Ulinzi, Jenerali Veljko Kadijević, akasoma hoja yake. Baba yake Mserbia, mama yake Mkroatia, yeye mwenyewe alipigana na Wanazi akiwa kijana mdogo, na Yugoslavia ndiyo nchi pekee aliyoijua. Akasema vita vya wenyewe kwa wenyewe viko mlangoni. Akaomba hali ya hatari nchi nzima, jeshi liongezewe askari, na makundi yote yenye silaha kinyume cha sheria yanyang'anywe silaha hizo.

Kura nne za kambi ya Milošević zilijulikana. Zilizopinga zilijulikana pia. Macho yote yakageukia mtu mmoja.

Bogić Bogićević alikuwa mjumbe wa Bosnia, kijana wa miaka 38, mdogo kwa wengi waliokaa pale. Wananchi wa Bosnia walikuwa wamemchagua kwa kura mwaka 1989. Na alikuwa Mserbia. Majenerali waliingia chumbani wakiamini kwamba damu itaamua: Mserbia hatawaangusha Waserbia wenzake. Nje kulikuwa na askari. Ndani kulikuwa na kamera ya kumkumbusha kwamba kila atakalosema linahifadhiwa.

Bogićević akakataa. Hakutafuta maneno makubwa. Anakumbukwa kwa kauli kwamba yeye ni Mserbia, lakini Userbia si kazi yake.

Kura ya tano haikupatikana.

Kikao kikaahirishwa. Kadijević akapanda ndege kwa siri kwenda Moscow, akaonana na Waziri wa Ulinzi wa Umoja wa Kisovieti, Dmitry Yazov, kuuliza kama Moscow itawalinda endapo nchi za Magharibi zitaingilia. Akarudi bila ahadi. Wajumbe wakakutana tena, na kura tano hazikutimia tena. Safari hii hata Riza Sapunxhiu, mjumbe wa Kosovo ambaye Serbia ilimhesabu kuwa wake, aliyumba, na siku chache baadaye Bunge la Serbia likamfukuza.

Machi 15 usiku, Jović akajiuzulu kwenye televisheni. Wa Montenegro na Vojvodina wakamfuata. Siku iliyofuata Milošević akatangaza kwamba Serbia haitambui tena maamuzi ya Urais wa Pamoja. Kwa siku kadhaa jeshi halikuwa na wa kulizuia. Kadijević angeweza kutoa amri. Aliongozwa maisha yake yote na utiifu kwa katiba, na sasa katiba haikuwa na mtu wa kumwamuru. Akasita. Jović akarudi kitini kimyakimya.

Mei 15 ikafika zamu ya Kroatia kushika uenyekiti. Kwa miaka kumi zamu hizo zilikuwa zikipita bila ubishi. Jina la Mesić likapigiwa kura, na yeye pia hakupata kura ya tano. Nchi ikabaki bila mkuu wa nchi wala Amiri Jeshi Mkuu. Machi namba tano ilizuia bunduki zisitumike kwa jina la sheria. Mei namba hiyohiyo ikaiacha sheria bila mwenyewe.

Juni 25, 1991, Slovenia na Kroatia zikatangaza uhuru. Kesho yake jioni, mbele ya umati wa Ljubljana, Kučan alisema kwamba usiku ule ndoto zinaruhusiwa, na kesho ni siku mpya. Asubuhi ya siku hiyo mpya, Juni 27, vifaru vya jeshi la shirikisho vilikuwa barabarani kuelekea mipakani. Jioni helikopta ya jeshi hilo iliangushwa juu ya Ljubljana kwa kombora la Waslovenia. Ilikuwa imebeba mikate. Rubani wake, aliyekufa papo hapo, alikuwa Mslovenia.

Tafadhali msomaji, simama hapo kidogo. Mslovenia, ndani ya sare ya nchi aliyofundishwa kuwa ni yake, anauawa na vijana wa Slovenia akiwa amebeba mikate ya askari waliotoka kila pembe ya nchi. Hakuna chuki ya kale hapo. Kuna vikao vilivyoshindwa, kimoja baada ya kingine, na watu waliovikwamisha kwa makusudi.

Juni 30 Kadijević akaja mbele ya viongozi mjini Belgrade na mpango mpya wa kuipiga Slovenia kwa nguvu zote na kuirudisha. Alitazamia Jović atauunga mkono. Ni Jović huyuhuyu aliyewabeba wenzake kwa basi mwezi Machi, akitaka hali ya hatari kwa jina la umoja wa Yugoslavia.

Jović akakataa. Slovenia iende, alisema. Jeshi lipangwe upya kwenye mistari ya maeneo wanayokaa Waserbia.

Jenerali akamtazama. Kwa miaka minne kila hatua ilikuwa imefanywa kwa jina la Yugoslavia: kuanguka kwa Stambolić, mitindi ya Novi Sad, magari ya deraya ya Pristina, chumba cha baridi. Sasa ilikuwa wazi kwamba kura ile ya tano haikutafutwa ili nchi ibaki nzima. Ilitafutwa ili kuamua mipaka mipya ipite wapi.

Ndani ya wiki moja mapigano ya Slovenia yalisimamishwa kwa mkataba wa Brioni, na Julai ikaamuliwa kwamba jeshi liondoke. Vifaru vikapakiwa, mizinga ikafungwa, maghala yakafunguliwa na kumwagwa. Makamanda wakafungua ramani mpya. Mshale mmoja ulielekea Vukovar, mji wa mto Danube wenye Wakroatia na Waserbia waliooana kwa vizazi. Sehemu kubwa ya silaha zilizobaki ilielekezwa kwenye jamhuri ambako Waislamu, Waserbia na Wakroatia walikaa mtaa mmoja, mara nyingi nyumba moja, na ambako hakuna mstari ungeweza kuchorwa bila kupita sebuleni mwa mtu. Ilikuwa Bosnia, nyumbani kwa Bogićević.

Mjini Sarajevo watu walitazama malori ya jeshi yakipanda milima inayouzunguka mji wao na kuulizana kama wanajeshi wale wamekuja kuwalinda. Juu kule, midomo ya mizinga ilikuwa imeanza kugeuzwa. Ikaelekezwa bondeni.

ITAENDELEA WIKI IJAYO